Kufuli Mbili za Mlango wa Jibini

Mlango wa chumba cha jibini ulikuwa na kufuli mbili, na anayetaka kuielewa habari hii aanze na hizo kufuli, maana wengi mjini huanza na mgomo halafu wanapotea njiani.

Vita vilipotulia Bunia (sisemi vilipokwisha, kwa sababu watu waliendelea kulala na viatu karibu na kitanda kwa miaka), mzee Léon alirudi kutoka Beni akakuta kiwanda chake cha maziwa kimebaki kuta tu, pamoja na sufuria moja kubwa iliyowashinda wezi kwa uzito. Akakifufua. Aliajiri watu wa pande zote mbili. Baadaye alipenda kusimulia kwamba alifanya hivyo kwa kupenda amani, lakini ukweli ni kwamba waliojua kutengeneza jibini walikuwa wachache, na vita vilikuwa vimewagawa kama vilivyogawa kila kitu hapa kwetu. Hakuna anayetaja upande wa mtu kwa jina lake hadharani. Tunasema watu wa huku na watu wa kule, basi, na kila mmoja anaelewa.

Miezi ya kwanza jibini zilipotea. Watu wa huku walisema ni wale, watu wa kule walisema ni hawa, na asubuhi moja nusura watu washikane mashati penye matanki ya maziwa. Ndipo Léon alipokwenda sokoni akanunua kufuli mbili. Aliwakusanya wafanyakazi wote uani, akazifunga mlangoni pa chumba cha jibini mbele ya macho yao, akatoa ufunguo mmoja kwa Suzanne, mama wa huku, na mwingine kwa Dorothée, mama wa kule.

"Hizi kadena si zangu tena," alisema. "Ni za hawa bamama wawili. Hakuna mutu ataingia pale peke yake. Hata miye."

Wizi ukakoma siku hiyohiyo. Mwizi alikuwa nani, hatujajua mpaka leo, na waliokuwa na uhakika kabisa wakaanza kuzungumzia mambo mengine.

Suzanne na Dorothée waliwekwa pia kwenye sufuria moja. Kazi ya sufuria ni ya watu wawili. Maziwa yakishaganda na kukatwakatwa, mnapitisha kitambaa chini yake, kila mmoja anashika pembe zake mbili, mnainua pamoja. Mmoja akitangulia, yote yanamwagika upande wa mwenzake. Mwaka wa kwanza walihesabu kwa sauti ili wainue sawasawa, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote. Mwaka wa pili hawakuhitaji kuhesabu. Siku moja, wameketi juu ya kreti za chupa wakingoja maji yachuruzike, Suzanne alisema kwamba mume wake aliuawa kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Dorothée alisema kwamba kaka zake wawili walichomewa ndani ya nyumba. Hakuna aliyeuliza na nani. Kisha wakanyanyuka kwenda kusugua sufuria, na tangu siku hiyo waliitana kwa majina ya watoto wao: Suzanne akawa Mama Joëlle, Dorothée akawa Mama Dany.

Miaka ikaenda. Kila asubuhi wawili hao walifika mlangoni, huyu anafungua yake, yule anafungua yake, huku wakisimuliana habari za harusi na bei ya maharagwe. Ufunguo wa Dorothée ulining'inia shingoni pamoja na rozari. Wa Suzanne, wenye fundo dogo la kitambaa cha kitenge, ulifungwa kwenye ncha ya kitenge chake. Ungewauliza kwa nini kufuli ni mbili, ingebidi wafikiri kwanza.

Kiwanda chenyewe hakikuwahi kunenepa, ingawa Léon alipata kununua sufuria ya pili. Kwanza yakaja maziwa ya unga. Halafu yakaja maziwa ya pakiti kutoka Uganda, yanapita Ariwara kwa malori, yanafika hapa bei ya chini, na hayachachi hata ukiyasahau juani. Duka moja likaacha jibini ya Léon, na la pili likafuata. Mwisho akabaki mnunuzi mmoja wa maana, Tharcisse wa Kisangani, mtu wa maneno machache aliyechukua jibini zilizokomaa kwa ndege na kulipa bila kelele. Kiwanda kizima kilikuwa kinaishi kwa Tharcisse, na kila mtu alilijua hilo mpaka mlinzi.

Sasa, maziwa ya mlangoni. Tangu kiwanda kifufuke, kila mfanyakazi alipotoka jioni alipewa chupa moja ya maziwa. Haikuandikwa popote. Léon aliianza kwa sababu mwanzoni hakuwa na kingine cha kuwapa, ikawa desturi. Suzanne alimpelekea mjukuu wake. Gérard, mtu wa kule aliyetunza moto wa kuchemshia maziwa, aliimimina yake katika chai ya ua wao wote. Dorothée alimgawia nusu jirani yake, bibi mmoja wa huku ambaye kwa miaka mitatu alifunga dirisha kila Dorothée alipopita. Bibi alipokea maziwa kimya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alirudisha chupa imeoshwa. Mwezi wa tatu alisalimu. Chupa zile zilipita kwenye nyua ambazo wenyewe tulikuwa bado hatujathubutu kupita.

Ndiyo maana Léon alipotangaza kwamba chupa za jioni zimefutwa, hakujua alichokigusa. Alikuwa amekaa na mpwa wake Serge, jeran, yaani meneja wa kiwanda, kijana mpole aliyesomea biashara Kampala, wakatafuta pa kubana, na hapo pakaonekana pepesi. Watu wangevumilia kucheleweshewa mshahara, walikuwa wameshauvumilia mara nyingi. Chupa, hapana.

Suzanne alikuwa delege wa sindika, msemaji wa chama cha wafanyakazi. Alichaguliwa na pande zote mbili, jambo ambalo alijivunia kuliko alivyokubali kusema. Alikwenda kwa Léon mara ya kwanza, akaenda mara ya pili. Mara ya tatu Léon alimwambia, macho yakiwa dirishani, "Mama Suzanne, kama ningekuwa nayo, ningetoa. Sina." Akarudi uani akawaambia wenzake. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, wakatoka nje ya geti.

Nitasema wazi kilichomtia hofu Suzanne, maana kila alichokifanya kilitoka hapo. Hakumwogopa Léon, wala njaa. Aliogopa mgomo wake upasuke katikati. Mji huu ulikuwa umezoea kupasuka: kwaya ikigombana inagawanyika huku na kule, timu ya mpira ikifungwa mnajua lawama inakwenda upande gani. Aliona watu wa huku wamekaa kwenye magogo nje ya geti bega kwa bega na watu wa kule, wanakula muhogo wa kuchoma kutoka sinia moja, na akawa anatembea kati yao kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Mgomo ushindwe, sawa, yatapita. Upasuke, na kilichokuwa kimejengwa pale tangu vita kingeondoka nao.

Kwa hiyo alipanga mambo yake vizuri. Alikubaliana na Serge kwamba kila asubuhi yeye na Dorothée wataingia, watageuza jibini, watazipangusa kwa kitambaa cha chumvi, watafungua matundu ya hewa, watatoka. Jibini haijui mgomo. Isipogeuzwa, chini inatoa maji, maji yanaleta ukungu, na msimu ule mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Humo ndani ilikuwemo shehena yote ya Tharcisse. Wagomaji walikubali. Hata Constant alikubali, dereva wa gari la matanki, mtu wa huku, ambaye kwa kawaida hukubali jambo baada ya kulipinga kwanza.

Siku za kwanza zilikuwa karibu za sikukuu. Wafugaji waliofika na maziwa yao kwa baiskeli waligeuzwa getini, wakayauza barabarani kwa vikombe, na mtaa wote wa Lumumba ulikunywa maziwa mpaka watoto wakayakataa. Wafugaji walinung'unika. Serge alipita na pikipiki yake akiwasalimia wagomaji mmoja mmoja kwa jina. Suzanne na Dorothée waliingia kila asubuhi, wakageuza, wakapangusa, wakatoka wakinuka chumvi.

Halafu asubuhi moja Dorothée hakuja.

Habari ililetwa na mwanawe Dany: nyanya yake amefariki huko kijijini Fataki, mama ameondoka alfajiri kwa pikipiki. Suzanne alishika mdomo. Alimjua mama huyo wa Dorothée kwa viazi tu, kila mavuno gunia lilikuja kutoka Fataki na fungu lake lilikuwamo. Baada ya kumpa Dany pole ndipo alipokumbuka shingo ya Dorothée, na ufunguo ulioning'inia hapo.

Alipiga simu. Haipatikani. Alipiga tena mchana, haipatikani. Jioni ikaja habari kwamba risasi zimelia kwenye barabara ya kwenda Fataki, hakuna ajuaye nani kampiga nani, wanajeshi wamefunga njia, hakuna gari wala pikipiki inayopita. Pale getini watu walisikia habari hiyo kila mmoja kwa sikio lake. Hakuna aliyesema neno baya. Ila kesho yake Suzanne aliona kwamba kwenye magogo kulikuwa na nafasi katikati, ndogo, ya kukaa mtu mmoja, na hapakuwa na mtu aliyekaa hapo.

Serge alikuja kwake akiwa ameshika kofia ya pikipiki mkononi.

"Mama delege, leo ni siku ya pili hatujageuza."

"Najua."

"Kadena ni chuma tu. Tukate ile ya Mama Dorothée, tutanunua ingine."

"Chuma, ndiyo. Lakini mwenye chuma iko kwenye matanga ya mama yake, na barabara imefungwa. Batu ya huku bakate kadena ya mama wa kule leo? Weye unasikia vile inalia?"

Serge alisikia vile inalia. Alivaa kofia yake akaondoka.

Constant hakusikia, au alisikia akaona hakuna shida. Alikuwa ameleta msumeno wa chuma kutoka kwenye gari, ameufunga katika gazeti.

"Yaya, nipatie dakika moja tu," alimwambia Suzanne, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa. "Fromaji inaoza, siye tunakaa hapa kuangalia mulango."

"Weye hautaigusa kabisa. Weye wa huku."

"Basi akate Gérard."

Suzanne akaenda kwa Gérard. Alikuwa amekaa mwisho wa gogo na wenzake wa kule, anachora ardhi kwa kijiti. Suzanne aliposimama mbele yake, wenzake waligeuza nyuso, na jambo hilo hakulipenda.

"Gérard, kadena ya Mama Dany. Tukate ao tungoje?"

"Weye njo delege. Chenye utasema ni ile."

"Siulizi delege. Nauliza weye."

Gérard aliangalia kijiti chake. "Mukikata, miye sitasema kitu."

Baadaye sana, mambo yalipokwisha kuharibika, Gérard aliapa kwamba maana yake ilikuwa ndiyo, kateni, na kwamba alishangaa walipoacha. Ninamwamini. Lakini hapa kwetu tulikuwa tumejifunza kusema kila neno kama mtu anayepita kwenye tope na viatu vya Jumapili, na Suzanne aliposikia "sitasema kitu" alisikia kitisho. Alikumbuka watu waliowahi kutosema kitu wakati wa vita. Alirudi kwa Constant, akamwambia aupeleke msumeno wake nyumbani.

Siku ya tatu mvua ilinyesha mpaka jioni. Ya nne ikanyesha tena. Harufu ilianza kutoka chini ya mlango, kwanza ya maziwa, halafu ya kitu kingine. Suzanne aliweka mikeka kwenye kizingiti kana kwamba mikeka ingesaidia. Usingizi ulimpotea. Kichwani alimwona Tharcisse, ambaye hajawahi kukutana naye, amesimama uwanja wa ndege wa Kisangani anatazama saa.

Léon alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila Serge. Wagomaji walimpisha getini, maana mzee ni mzee hata ukimgomea. Walisimama yeye na Suzanne mbele ya mlango wenye kufuli mbili, wakavuta ile harufu pamoja.

"Mulango ni yako, Patron," Suzanne alisema. "Ukikata weye, hakuna likambo, hakuna shida. Greve, huu mugomo wetu, haikukatazi."

Léon alinyoosha mkono akashika kufuli ya Dorothée, akaipima kama mtu anayepima embe.

"Nilisema si zangu," alijibu. "Nilisema mbele ya batu yote. Nikikata ya mama wa kule, batasema Muzee amechagua upande. Nikikata yako, ni vilevile. Miaka hii yote sijachagua." Aliiachia. "Atakuja lini?"

"Barabara ikifunguliwa."

"Basi tungoje."

Na ajabu ni kwamba walipeana mikono, tajiri na mgomaji, kila mmoja akiona mwenzake ana busara. Suzanne aliondoka pale akiwa karibu na furaha. Alijiambia kwamba jibini hutengenezwa tena, watu hawatengenezwi. Alikuwa amekata shauri kupoteza jibini ili asipoteze kile kitu kingine, na shauri lile lilimpa usingizi usiku ule, wa kwanza tangu Dany alipoleta habari.

Barabara ilifunguliwa siku mbili baadaye. Dorothée aliteremka kwenye pikipiki mbele ya geti moja kwa moja, hajapita nyumbani, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, kitenge cha matanga kimefungwa kiunoni. Wanawake walimpokea, wakalia naye kidogo kama inavyotakiwa. Watu wa huku na wa kule wakasogea pamoja, na ile nafasi kwenye magogo ikapotea. Suzanne aliiona ikipotea. Moyo wake ukasema: unaona.

Kisha Dorothée akanusa.

Alitembea haraka kuelekea chumba cha jibini, Suzanne nyuma yake. Alipoona mlango alisimama, akazitazama kufuli moja baada ya nyingine kama mtu aliyekuta nyumba yake ina dirisha ambalo hakulijenga.

"Mama Joëlle. Hamukufungua?"

"Kifungulo ulikwenda nayo."

Dorothée alikipapasa kifuani. Bila shaka alikuwa amekwenda nacho, alikuwa amekivaa matangani na kaburini. Alifungua yake, Suzanne akafungua yake, wakavuta mlango.

Sitaeleza sana. Jibini changa zilikuwa zimelainika na kushikamana na mbao, zina manyoya ya kijivu na ya waridi, na kitu kilikuwa kinatembea ndani yake. Za katikati zilikuwa zimepasuka. Kwenye rafu za juu kabisa, karibu na tundu la hewa, zilibaki chache zilizokomaa ambazo ungeweza kuzikwangua. Maji ya njano yalikuwa yamesimama sakafuni. Dorothée aligeuza moja kwa mkono mtupu, ikabaki nusu mkononi na nusu kwenye ubao.

"Juu ya nini hamukukata kadena?"

"Ni yako."

"Najua ni yangu. Chuma ya kukata ilikosa?"

"Ilikuwa. Constant alileta. Nilikataa." Suzanne alijua kwamba amefanya vizuri na alingoja tu mwenzake alione. "Ulikuwa kwenye matanga. Barabara imefungwa, risasi inalia. Siye ba huku tukate kadena yako, bangesema nini?"

"Nani angesema?"

"Batu."

"Batu gani?"

Suzanne aliangalia maji ya njano sakafuni.

"Batu ya kule," Dorothée alisema, akimsaidia. "Mwenye kadena ni nani? Ni miye. Mwenye angekasirika ni nani? Ni miye. Kwa hiyo uliogopa miye, Mama Joëlle."

"Weye hapana. Weye nakujua."

"Kama unanijua, ungekata." Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana iliuma. Alikuwa amechoka, ametoka kumzika mama yake, ameshika tope la jibini mkononi. "Kule Fataki niliwaza, kifungulo niko nayo hapa, batakuwa bameshakata, nitakuta kadena ingine. Niliwaza ile mara moja tu, nikarudi kulilia mama. Kama ingekuwa weye umefiwa, miye ningekata yako siku ileile. Ukirudi, nakuambia: Mama Joëlle, nilikata kadena yako. Weye unasema: sawa. Si ungesema sawa?"

"Ningesema sawa," Suzanne alikiri.

"Basi."

Dorothée alichota maji, akaanza kusugua rafu. Suzanne alisimama pale mlangoni na aibu ikampanda kutoka miguuni. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na amewahi kuona nyingi. Miaka yote ya sufuria, ya viazi, ya kuinua kitambaa kwa pumzi moja, alidhani wametoka pale mahali pa kale wote wawili. Kumbe Dorothée ametoka, na yeye Suzanne amebaki akilinda mlango, akijisifu kwa jinsi anavyoulinda. Alishika kitambaa cha pili, akapiga magoti, akasugua pia.

Tharcisse hakuwa na maneno mengi. Alikuwa ameshachukua jibini za Goma, akasema ni nzuri. Mgomo ulikwisha bila mtu kuutangaza, kwani hapakuwa na cha kugomea. Léon alirudisha maziwa ya mlangoni siku ya kwanza ya kazi, akasimama mwenyewe getini akigawa chupa, na wafanyakazi walipokea huku wakitazama chini. Tulishinda, kama mtu anataka kuhesabu hivyo. Lakini sufuria ya pili aliyokuwa ameinunua miaka ya matumaini ilifungwa, maziwa ya nusu ya wafugaji yakakataliwa, na Serge akaja kumwambia Suzanne kwamba nusu ya watu watatakiwa kuondoka. Sindika iseme nani. Kwa adabu yake ileile akaongeza kwamba delege haguswi, sheria inamlinda.

Sindika ikasema, na kwa mara ya kwanza watu walisema wazi, huku na kule, kwa sauti, hata wakakoseana na kuombana radhi. Constant alibaki, kwa kuwa gari linahitaji dereva. Gérard alibaki. Kwenye sufuria walitakiwa watu wawili tu, na mmoja tayari alikuwa kijana mwenye nguvu kutoka sufuria ya pili, baba wa watoto wadogo. Ilibaki nafasi moja kwa Suzanne na Dorothée.

"Abaki Mama Dany," Suzanne alisema.

"Delege haguswi," Gérard alimkumbusha.

"Hakuna mwenye amenigusa. Ninatoka miye mwenyewe."

Wengine walisema amechoka. Wengine walisema ana kaka mwenye ng'ombe, hatalala njaa. Yeye alijua kwamba mtu mmoja lazima atoke, na kwamba ni yeye aliyeuacha mlango umefungwa. Alifungua ncha ya kitenge, akatoa ufunguo, akauweka mkononi mwa Dorothée. Dorothée aliutazama, akauvisha kwenye uzi uleule wa rozari pamoja na wake. Hakubisha. Suzanne alimshukuru kwa kutobisha, ingawa njiani kurudi nyumbani alilia kwa sababu hiyohiyo.

Akaanza kuuza mandazi mbele ya shule, mtaani kwake Lumumba. Ni kazi isiyohitaji mtu wa pili. Wiki ikapita, mikono yake bado ilikuwa inaamka asubuhi na kutafuta pembe za kitambaa.

Jioni moja, Suzanne akiwa anaosha karai uani, Dorothée aliingia bila kupiga hodi, ametoka kazini, ananuka chumvi. Alikuwa na chupa ya maziwa. Alichukua sufuria ndogo ya Suzanne kwenye kichanja, akamimina nusu, akaifunika kwa sahani.

"Ya mutoto," alisema, akimaanisha mjukuu.

"Na ya bibi, jirani yako?"

"Hii imebaki ni yake."

Wakaketi kwenye kigoda na ndoo iliyopinduliwa. Dorothée alisimulia kwamba kijana wa sufuria ana nguvu lakini ana haraka, kitambaa kinalala upande, wamerudi kuhesabu kwa sauti. Suzanne alicheka kidogo. Halafu akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwenzake aingie.

"Asubuhi unafungua peke yako? Kadena zote mbili?"

"Moja," Dorothée alisema. "Ingine niliitoa. Nilisema kwa Muzee, akasema zile si zake, nifanye vile ninataka."

Alivuta uzi kutoka ndani ya blauzi ili amwonyeshe. Kwenye rozari ulibaki ufunguo mmoja, na Suzanne aliutambua kwa fundo la kitambaa cha kitenge ambalo alikuwa amelisahau juu yake.

"Nilitoa yangu," Dorothée alisema, akairudisha rozari kifuani. "Yako imebaki mulangoni."